Si kila enkripsheni ya serikali ina njia ya siri

Watu wengi bado wanaamini eti enkripsheni (kuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri) yoyote iliyopita mikononi mwa serikali lazima iwe na njia ya siri ya kusomea meseji zako. Imani hii ni ya zamani, ilianza miaka ya 1970 IBM walipotengeneza DES, mfumo wa enkripsheni, halafu NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ikatia mkono, majedwali ya ndani ya kuvurugia data yakabadilishwa bila maelezo, basi watu wakasema hapo tumeshauzwa.

Kumbe sivyo. Mwaka 1990 wataalamu wa enkripsheni Biham na Shamir wakatoa mbinu mpya ya kuvunja siri, kuijaribu kwa DES wakakuta yale majedwali yanaikaba vizuri ajabu, na 1994 Don Coppersmith wa IBM akaeleza kwamba wao waliijua tangu 1974 ila ikafichwa! Udhaifu wenyewe wa DES ulikuwa hadharani siku zote: ufunguo mfupi wa biti 56 (yaani 0 na 1 hamsini na sita tu), na 1998 EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, wakaunda mashine iliyoupata kwa siku chache tu kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine.

Sisemi muamini kila kitu, maana Dual EC, mbinu ya kuzalisha namba za nasibu zinazotumika kwenye enkripsheni, ilipitishwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, 2006, mwaka uliofuata wataalamu wakaonyesha aliyechagua namba zake za msingi anaweza kutabiri zinazotoka, ikaondolewa 2014. AES, mfumo wa enkripsheni uliokuja baada ya DES, ni habari nyingine, imetungwa na Wabelgiji wawili, ikashinda shindano la wazi, imechokonolewa na dunia nzima tangu 2001 na bado imesimama. Ukiona app inatumia AES usiikimbie kwa hilo, uliza funguo anazishika nani.