Utambuzi wa matendo ya viumbe wa kuigizwa kwa hisi za miili yao

Utambuzi wa matendo kwa hisi za mwili ni mbinu ya akili unde ambapo tarakilishi hutambua anachofanya kiumbe, iwe ni kutembea, kuruka au kuanguka, kwa kusoma vipimo vinavyotoka mwilini mwake, bila kumtazama kwa kamera iliyo kando. Kiumbe anayezungumziwa hapa ni wa kuigizwa: mwili wake umo ndani ya programu inayofuata kanuni za fizikia, kwa hivyo ana uzito, ana maungio na miguu yake hugusa ardhi, ingawa hashikiki. Viumbe wa aina hii wana historia ndefu kidogo. Mwaka 1994 Karl Sims wa Marekani alionyesha viumbe walioundwa kwa vipande vya umbo la sanduku, ambao uteuzi wa kizazi baada ya kizazi uliwawezesha kuogelea, kutembea na kuruka, na tayari walikuwa na vihisi vya mkunjo wa maungio, vya mguso na vya mwanga.

Tuchukue mbuzi ambaye mwanafunzi wa uhandisi jijini Nairobi angeweza kumuunda kwa MuJoCo, programu ya kuigiza fizikia ya miili, ambayo msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu 2022. Kila mguu una maungio mawili, na kila ungio hutoa vipimo viwili, yaani mkunjo wake na kasi ya mkunjo huo. Kwato nne zinaeleza kama zinagusa ardhi au la. Nacho kiwiliwili kimebeba kihisi cha mchapuko (yaani badiliko la kasi) na kihisi cha mzunguko, kila kimoja kikipima pande tatu. Jumla ni vipimo 26. Vikisomwa mara 50 kwa sekunde, sekunde 2 za mwendo huwa jedwali la tarakimu 2,600, na katika jedwali hilo lote hakuna safu inayosema mbuzi yuko wapi au ameelekea upande gani.

Ukosefu huo ndio nguvu ya mbinu yenyewe. Kamera humwona mbuzi yule yule kwa sura tofauti akija mbele yake, akipita ubavuni au akienda zake, na mfumo hulazimika kujifunza kwamba yote hayo ni kutembea. Goti likipimwa kuanzia pajani, mbuzi anayeelekea mashariki na yule anayeelekea magharibi huacha mchoro uleule wa tarakimu.

Mchoro huo husomeka hata kwa macho. Mbuzi akitembea, kwato hutua moja moja: ya nyuma kushoto, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, kisha ya mbele kulia. Akichapua mwendo, miguu iliyokingamana hutua pamoja, miwili kwa miwili. Akiruka, safu zote nne za kwato hushuka hadi sifuri, na hapo hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii: kihisi cha mchapuko, ambacho huonyesha takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba mbuzi akiwa amesimama tuli, kwa sababu ardhi inamsukuma juu, huonyesha karibu sifuri muda wote akiwa hewani, hata anapopaa. Hata hivyo, mstari mmoja wa jedwali hautoshi. Goti lililokunjwa laweza kuwa la mbuzi anayelala au la anayeinuka, na ni mfuatano wa mistari tu unaotofautisha mawili hayo.

Kuna matendo ambayo mwili peke yake hauyajui. Mbuzi anayemfuata mwenzake na mbuzi anayemkimbia mbwa huweza kutumia miguu kwa namna ileile kabisa, kwa hivyo wabunifu huongeza vihisi vya umbali, navyo pia hupima kutoka mwilini: kuna kitu hatua tatu mbele, kushoto kidogo. Kwa maoni yangu, mtu aeleze mapema ni matendo yapi anayataka, kwa maana kuongeza vihisi bila swali mahususi huongeza tu safu.

Faida ya kuigiza ni kwamba programu inajua kila tendo lilipoanza na lilipokoma, na mbuzi anaweza kuanguka mara elfu bila kuumia. Hasara ni kwamba uwanja wa tarakilishi ni safi mno kuliko malisho, na kwa sababu hiyo watafiti hubadilisha uzito na utelezi wa ardhi kila mara, na kuvuruga vipimo kidogo makusudi. Mbuzi halisi akivishwa ukosi wenye vihisi viwili tu, cha mchapuko na cha mzunguko, hubaki na safu 6 kati ya zile 26. Kabla ya kumfunga ukosi huo, inafaa kihisi cha mbuzi wa kuigizwa kihamishiwe shingoni, safu nyingine 20 zifichwe, na mfumo upimwe upya ili ionekane ni matendo gani bado unayatambua.