Choa kilichojificha ni nini?

Choa kinajulikana. Ni duara kwenye ngozi, ukingo umeinuka na una magamba na vijipele, katikati pameanza kusafika kama panapona. Kichwani kwa watoto tunakiita mapunye. Kwenye ngozi nyeusi ukingo huo mara nyingi hauwi mwekundu kama kwenye picha za vitabu. Huwa wa kahawia iliyokolea au wa kijivu.

Kipo choa kingine ambacho hata daktari mzoefu anaweza kukitazama asikitambue. Hakina duara wala ukingo unaoeleweka. Madaktari wa ngozi hukiita tinia inkognito, jina walilolitoa Ive na Marks mwaka 1968 katika jarida la kitabibu la Uingereza. Ni fangasi wa ngozi aliyebadilika sura kwa sababu mgonjwa amepakwa dawa yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho.

Fangasi wa choa hula keratini, ile protini iliyomo kwenye tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Mwili ukimgundua hujibu kwa uvimbe na muwasho. Fangasi husogea kwenda nje kwenye ngozi mpya, na huku nyuma mwili unasafisha. Ndiyo maana tunaona duara. Duara hilo, kwa hiyo, ni kazi ya mwili unaojitetea. Steroidi huunyamazisha utetezi huo. Muwasho unatulia ndani ya siku mbili tatu, uvimbe unashuka, mgonjwa anashukuru. Fangasi hajaguswa. Anaendelea kula, safari hii bila kusumbuliwa na mtu.

Nililiona hili kwa mtoto wa dada yangu. Alirudi Dodoma mjini kutoka vijijini Kongwa, alikokuwa akichunga ndama wa babu yake, akiwa na duara moja mkononi. Ng'ombe nao hupata choa, ndama hasa, na vimelea vyake hudumu muda mrefu kwenye miti ya zizi. Dukani tukauziwa tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Hakuna aliyeuliza kidonda kimetoka wapi, nasi hatukuuliza ndani ya tyubu kuna nini. Akapata nafuu. Tulipoacha kupaka, muwasho ukarudi kwa nguvu, tukapaka tena. Baada ya miezi miwili mkono mzima ulikuwa na mabaka yasiyo na umbo, vijipele vya usaha kwenye vinyweleo, na ngozi iliyopauka na kuwa laini kupita kiasi. Nafuu ile ya mwanzo ndiyo iliyotuponza, na naamini inawaponza wengi hapa kwetu.

Kwa sura hiyo ugonjwa hufananishwa na mengi. Ukiwa mkononi utadhaniwa ni pumu ya ngozi, usoni utadhaniwa ni lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Bahati mbaya, baadhi ya magonjwa hayo hutibiwa kwa steroidi, kwa hiyo aliyekosea huongeza dawa ileile. Baka lisilowasha na lisilohisi ukiligusa kwa pamba ni habari nyingine kabisa: hilo linahitaji kupimwa ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure.

Kipimo cha choa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Daktari hukwangua magamba kidogo kwa kisu chembamba, huyaweka kwenye kioo, hudondoshea potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, husubiri seli za ngozi ziyeyuke, kisha hutazama kwa hadubini. Fangasi huonekana kama nyuzi zenye matawi. Kwenye choa kilichojificha nyuzi hizo mara nyingi ni nyingi mno, kwa sababu wamezaliana bila kizuizi. Kama umekuwa ukipaka dawa ya kuua fangasi, kipimo kinaweza kukosa kuwaona, kwa hiyo mweleze daktari kila ulichopaka. Nenda na tyubu zote, hata zilizokwisha. Hilo peke yake linaweza kumpa jibu kabla hajashika kisu.

Matibabu huanza kwa kuacha steroidi. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana siku za kwanza ngozi huvimba na kuwasha zaidi, kwa kuwa mwili umeamka. Mwenye kutumia steroidi kali kwa muda mrefu asiache bila kumwona daktari. Krimu peke yake mara nyingi haitoshi kwa sababu fangasi wameingia ndani ya vinyweleo, huhitajika vidonge. Kwa mtu mzima terbinafini, dawa ya kuua fangasi, huwa miligramu 250 kwa siku, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na mwenye shida ya ini lazima aseme mapema. Griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi, hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Watoto hupimiwa kwa uzito.

Kwetu sisi ilibidi pia tuwakague wadogo zake wote waliolala naye shuka moja, na babu akapigiwa simu awaangalie ndama. Ndama wawili walikuwa na mabaka ya kijivu kuzunguka macho.