Dhana potofu kuhusu takwimu za uchumi zinazomponza mwekezaji mdogo

Kila mwisho wa mwezi Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei. Kila baada ya miezi miwili hivi, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu huketi na kutangaza riba yake, ile inayoongoza riba nyingine nchini. Taarifa hizi hazilipiwi na zinamfikia kila mwenye simu, lakini watu wanaojiwekea akiba kwa jasho wanaendelea kuumia kwa kuzielewa visivyo. Hilo linanisikitisha, maana makosa yenyewe ni machache na hujirudia. Nitayaeleza kwa mambo yaliyotokea Kenya kati ya 2022 na 2024, ambako karibu yote yalijitokeza kwa mpigo.

Dhana: “Mfumuko wa bei umeshuka, basi bei zimeshuka.”

Kinachoshuka ni kasi ya kupanda. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa 9.6%, Oktoba 2023 ukawa 6.9%, na Oktoba 2024 ukafika 2.7%. Sasa chukua kikapu cha bidhaa kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka mmodi baadaye kiligharimu 1,096, uliofuata karibu 1,172, na Oktoba 2024, wakati magazeti yakisifu unafuu, kilikuwa kimefika 1,203 hivi. Ni kweli kuna vitu vilivyoshuka bei, unga wa mahindi ukiwamo, ila kikapu kizima hakikurudi kilikotoka.

Mwenye akiba anatakiwa kuiweka namba hii kando ya faida yake baada ya kodi. Aliyekuwa na amana ya benki ya 8% mwaka 2022 alikatwa kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) ya 15% kwenye riba, akabaki na 6.8%. Kufikia mwisho wa mwaka huo bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya 9%. Salio lilikuwa likiongezeka kwenye karatasi huku uwezo wake wa kununua ukipungua. Tanzania mwaka 2024 hali ilikuwa kinyume: mfumuko ulikuwa karibu 3%, na hatifungani za serikali (mikopo ya muda mrefu ambayo mwananchi huikopesha serikali) za miaka 20 na 25 zililipa kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ya zaidi ya 15%. Ndiyo maana riba ya Nairobi na riba ya Dar es Salaam hazilinganishwi kwa kutazama asilimia tupu.

Tena kikapu hicho ni cha wastani. Kenya, chakula huchukua karibu theluthi yake. Familia ambayo chakula kinameza nusu ya kipato chake ina mfumuko wake yenyewe, na huo ndio ipigie hesabu.

Dhana: “Uchumi ukikua, hisa zitapanda.”

Mwaka 2023 Pato la Taifa la Kenya lilikua kwa zaidi ya 5.5%. Mwaka huohuo NASI, fahirisi inayopima hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, ilianguka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2024 ukuaji ulipungua hadi 4.7%, na NASI ikapanda kwa theluthi moja.

Sababu zipo. Ukuaji wa 2023 ulibebwa sana na kilimo, kilichoinuka mvua ziliporudi baada ya ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hajaorodheshwa kwenye soko la hisa. Uzito wa NASI uko kwa Safaricom na mabenki makubwa, na wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza hisa hizo kwa sababu Marekani ilikuwa imepandisha riba hadi kati ya 5.25% na 5.5%. Mwekezaji wa ndani naye aliona dhamana za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zikikaribia 16% bila hatari ya soko. Kwa nini angenunua hisa?

Hapo ndipo penye somo ambalo wengi hulikosa. Hisa ya Safaricom ilianza 2023 ikiwa karibu shilingi 24 na kuumaliza mwaka chini ya 14. Gawio la mwaka, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, lilibaki shilingi 1.20 kwa hisa. Aliyenunua kwa 24 alikuwa akipata 5% ya fedha zake, na aliyenunua kwa 14 zaidi ya 8%. Takwimu ya ukuaji wa uchumi isingekuonyesha tofauti hiyo. Bei uliyonunulia ndiyo iliyoiamua.

Dhana: “Shilingi inaanguka, kimbilia dola.”

Hii ndiyo iliyowaumiza watu zaidi ya zote. Kenya ilikuwa na Eurobond, hatifungani inayouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyotolewa 2014 na kuiva, yaani kufikia tarehe ya kulipwa, Juni 2024. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kulipia bidhaa za kutoka nje kwa miezi minne, ambacho Benki Kuu hulenga kukilinda. Kila mtu alijiuliza kama serikali ingelipa. Januari 2024 dola ikafika shilingi 160, na waliokuwa wakiiangalia tangu ikiwa 120 wakaona haina pa kusimama.

Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobond mpya na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi 13%. Hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu ikatoka kwa riba ya 18.46% isiyokatwa kodi. Serikali iliomba shilingi bilioni 70, ikaletewa zabuni za zaidi ya bilioni 280. Wageni waliingiza dola ili wainunue. Mwisho wa Machi dola ilikuwa shilingi 132 hivi.

Tupige hesabu. Mtu mwenye shilingi 1,600,000 aliyenunua dola 10,000 kwa 160 alibaki na thamani ya 1,320,000 ndani ya wiki chache, kabla hata ya kukatwa tofauti ya kununua na kuuza pale dirishani. Aliyeziweka fedha hizohizo kwenye hatifungani ile alijihakikishia karibu shilingi 295,000 kila mwaka.

Mwenye ada ya mtoto ya kulipa nje kwa dola, au mzigo wa kuagiza, alikuwa na haki ya kushika dola. Hakuwa akibahatisha, alikuwa akilinganisha fedha zake na deni lake. Lakini kwa mwingine yeyote, kiwango cha kubadilisha fedha cha miezi sita iliyopita kilikuwa kikieleza hofu ambayo tayari imo kwenye bei. Cha kufuatilia kilikuwa tarehe ya deni na akiba ya fedha za kigeni, ambayo Benki Kuu huichapisha kila wiki.

Dhana: “Benki Kuu ikishusha riba, wote tumefaidika.”

Mkopaji hufaidika, tena polepole. Mwenye hatifungani ya zamani hufaidika pia, kwa kuwa karatasi yake inayolipa riba ya juu huwa na thamani zaidi sokoni. Anayeumia ni yule anayezungusha fedha kwenye dhamana za siku 91 au mifuko ya soko la fedha, inayokusanya akiba za wengi na kuziwekeza kwa muda mfupi. Dhamana hizo zilipita 16% mapema 2024. Katikati ya 2025 zilikuwa zikilipa karibu 8%. Mstaafu aliyezitegemea kwa matumizi ya nyumbani aliona kipato chake kikipungua nusu bila kupoteza senti ya mtaji.

Riba ikipanda, mambo hugeuka: bei ya hatifungani uliyoishika hushuka. Hasara hiyo humkuta anayelazimika kuuza kabla ya kuiva. Anayesubiri hadi mwisho hulipwa mtaji wote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza riba inaelekea wapi, jua fedha utazihitaji lini.

Dhana: “Nitasubiri takwimu za Pato la Taifa ndipo niamue.”

Takwimu za robo mwaka hutoka takriban miezi mitatu baada ya robo hiyo kuisha, na hurekebishwa baadaye. Unaposoma za Januari hadi Machi, Juni inakaribia kwisha. Fahirisi ya mameneja wa ununuzi, PMI, inayotolewa na Stanbic kwa Kenya, hutoka mwanzoni mwa mwezi unaofuata: juu ya 50 biashara zinapanuka, chini yake zinasinyaa. Nayo huyumba, kwa hiyo isomwe kwa miezi mitatu au minne mfululizo.