Mchezaji huru si wa bure: tuelewane kuhusu mishahara kwenye Football Manager

Jumamosi kijana mmoja alinifungulia laptopu yake nimsaidie na sevu yake ya Football Manager, ile gemu ya kompyuta ambamo wewe ndiye meneja wa klabu ya soka: klabu ya League One (daraja la tatu England), msimu wa tatu, salio limeingia kwenye hasi na bodi haitaki kumsikia. "Kaka, sielewi pesa imeenda wapi. Sijanunua mtu. Wote nimewachukua bure." Mwezi huu ni mtu wa nne kuniambia hivyo, karibu kwa maneno yale yale. Nimechoka kulirudia kwa mdomo, ngoja niliandike.

Kwa mchezaji huru, yaani asiye na mkataba na klabu yoyote, unachosamehewa ni ada ya uhamisho, basi. Wakala wake anajua fika kwamba hiyo ada hujailipa, na ataidai kwa mlango mwingine: mshahara wa juu, pesa ya kusaini, ada yake mwenyewe, bonasi ya uaminifu. Hata nje ya gemu ndivyo ilivyo tangu hukumu ya Bosman ya tarehe 15 Desemba 1995, iliyomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila klabu yake ya zamani kudai chochote. Ile pesa ya klabu ilihamia kwa mchezaji na wakala wake. Na kama bado unabisha, mkumbuke Messi. Mkataba wake uliisha tarehe 30 Juni 2021, na kumrudisha hakukuhitaji ada hata ya senti moja. Barcelona walishindwa kumsajili upya Agosti ile kwa sababu bili yao ya mishahara ilikuwa imevuka kikomo cha La Liga.

Sasa turudi kwenye ile sevu. Kijana alikuwa na mabeki wawili mezani. Mmoja ana miaka 30, yuko huru, anataka pauni 8,000 kwa wiki kwa miaka mitatu. Mwingine ana miaka 22, klabu yake inataka 500,000, mshahara 4,000 kwa wiki, miaka mitatu vilevile. Akamkimbilia wa kwanza.

Zidisha kwa 52. Siku zote, kabla hujabonyeza kukubali, zidisha kwa 52 halafu kwa miaka ya mkataba. Huyo wa "bure" ni 416,000 kwa mwaka, 1,248,000 kwa mkataba mzima, na hapo sijagusa pesa ya kusaini wala ya wakala. Wa pili ni 624,000 za mshahara na 500,000 za uhamisho, jumla 1,124,000. Wa bure amekuwa ghali kwa 124,000 zaidi, na mkataba ukiisha ana miaka 33, huna cha kuuza. Mwenzake angekuwa na 25, umri ambao klabu za Championship, daraja la juu ya League One, hupiga hodi zikiwa na hela.

Kibaya zaidi hakikuonekana siku ya kusaini. Mshambuliaji wake alikuwa na kile kipengele cha kulingana na anayelipwa zaidi klabuni. Beki aliposaini tu, mshahara wa mshambuliaji ukaruka kutoka 5,500 hadi 8,000 bila mtu kukaa naye mezani. Wiki chache baadaye nahodha naye akaja ofisini kulalamika. Hicho kipengele kikatae kila mara, hata kama dili litavunjika.

Mengine niyapitie haraka. Wanasema nyongeza ya kila mwaka ni kitu kidogo. Asilimia 10 juu ya 10,000 inakuwa 13,310 mwaka wa nne, na kiwango cha mchezaji huenda kimeshaanza kushuka. Wanasema mkataba mrefu ni usalama. Kwa mtoto wa miaka 19, ndiyo, unalinda bei yake. Kwa mwenye 31 umejifunga mwenyewe. Wapo pia wanaoamini bajeti ya mishahara isipotumika yote imepotea, wakati unaweza kuhamishia sehemu yake kwenye bajeti ya usajili.

Na wale wanaosubiri miezi sita ya mwisho ndipo waongeze mkataba: muda huo klabu za nje zimeshaanza kumsainisha mchezaji wako mkataba wa awali, wa kuhamia kwao bure wako ukiisha. Mimi naanza mazungumzo ikiwa imebaki miezi 18, na kila mkataba wangu una kipengele cha kupunguza mshahara tukishuka daraja. Mchezaji akikikataa naongeza bonasi ya mechi, maana hiyo analipwa akicheza.

Beki wa yule kijana tumempatia klabu ya mkopo. Wao wanalipa 3,000 kwa wiki. Zile 5,000 zinaendelea kutoka kwake, na mkataba una msimu mzima mbele.