Unene uliopindukia kwa mtoto anayesubiri ini: kilo zinasema nini?

Huku Kisumu mtoto mnene husifiwa. Akipita Kondele na mamake, mama mboga humwita mtoto wa raha, na akifika kwa nyanya huongezewa ugali. Ndiyo maana mzazi akiambiwa kliniki kwamba bintiye anahitaji ini jipya, lakini kwanza apunguze uzito, hushindwa kuelewa. Mgonjwa anakondeshwaje tena?

Tuanze na neno lenyewe. Unene wa mtoto haupimwi kwa macho. Kilo zake hugawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, halafu jibu hulinganishwa na la watoto wa umri na jinsia yake. Tuseme binti ana miaka 13, kimo sentimita 150, uzito kilo 90. Jibu ni 40. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani, msichana wa umri huo huhesabiwa mnene kupita kiasi akivuka 26 hivi. Huyu amevuka mbali, na huo ndio unene uliopindukia.

Lakini kwa mtoto mwenye ini bovu, mizani inaweza kudanganya. Ini likijaa makovu, maji hujikusanya tumboni na miguuni, na kila lita ya maji ni kilo nzima. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, uhesabu hadi kumi, uachie: kishimo kikibaki, hayo ni maji. Wakati huohuo misuli ya mikono na mapaja inaweza kuwa inaisha chini ya mafuta bila mtu kuona. Mtoto anaonekana amejaa, kumbe nguvu hana, hata kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu ni kazi. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe mzuri haishii kwenye mizani. Huzungusha utepe kwenye mkono wa juu, hufinya ngozi ya nyuma ya mkono kwa kifaa cha kupimia mafuta, na huuliza mtoto anatembea umbali gani kabla ya kuchoka.

Kwa nini madaktari wa upasuaji wanajali kilo? Sababu moja ni hesabu ya gramu. Familia nyingi za Kenya zinazotafuta ini kwa mtoto huishia kusafiri India, na mara nyingi anayetoa kipande cha ini ni mzazi au ndugu aliye hai. Kwa kawaida kipande hicho kinatakiwa kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa mtoto. Mtoto mchanga hutoshwa na kipande kidogo cha upande wa kushoto. Binti wetu wa kilo 90 anahitaji gramu 720, na hapo huenda baba akalazimika kutoa upande wa kulia, ambao ndio mkubwa, na upasuaji wake ni mzito zaidi kwa mtoaji. Akishuka hadi kilo 70, gramu 560 zinatosha. Ongeza na mengine: mafuta mengi huzidisha hatari ya kidonda kuoza, na mtoto anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini ana kazi ngumu zaidi chini ya dawa ya usingizi.

Baba mwenyewe naye hupimwa. Ini lake likiwa na mafuta mengi halifai kutolewa, na ndiyo sababu nyumba nyingine hujikuta zote ziko kwenye mpango mmoja wa chakula. Mimi naona hiyo ni heri, kwa sababu mtoto aliyewekewa sahani yake peke yake huona anaadhibiwa.

Hapa nataka kusisitiza: usimlaze mtoto huyu na njaa. Ini lenye afya huweka akiba ya sukari ya kuvusha mwili usiku. Lililojaa makovu haliwezi kuweka ya kutosha, na mwili hugeukia misuli. Usiku mmoja wa njaa, mwili unakula nyama yake wenyewe. Kinachopunguzwa ni soda, juisi za paketi, chipsi na mandazi ya kila asubuhi. Omena, mayai, maharagwe na samaki wa ziwa hubaki, tena vya kutosha, kwa sababu protini ndiyo inayolinda misuli. Ugali unapungua, osuga (mnavu) na sukuma zinaongezeka, chumvi inabanwa kwa sababu ya maji, na kabla ya kulala anapewa kitu kidogo, kama kikombe cha uji. Kutembea kila siku, hata dakika chache hadi dukani na kurudi, ni sehemu ya matibabu.

Zipo sindano za kupunguza hamu ya kula. Marekani iliidhinisha liraglutide kwa vijana wa miaka 12 na zaidi mwaka 2020, na semaglutide mwaka 2022. Upo pia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kwa mtoto mwenye ini linaloshindwa, hayo huamuliwa na timu nzima ya ini, moja moja. Chai na vidonge vya kukata tumbo vinavyouzwa stendi usiviguse: baadhi, hata vya majani ya chai ya kijani yaliyokolezwa, vimewahi kuharibu ini la watu waliokuwa wazima.

Ini jipya likishaingia, kilo hutafuta njia ya kurudi. Prednisolone, dawa inayosaidia mwili usilikatae ini, huleta njaa kali, na tacrolimus, nyingine ya kazi hiyohiyo, inaweza kupandisha sukari mwilini. Mtoto ataamka saa nane usiku akiomba chapati. Si ulafi, ni dawa inamsukuma, na dozi yake kwa kawaida hushushwa kadiri miezi inavyokwenda. Usiku kama huo yai la kuchemsha na kipande cha tikiti vikae tayari jikoni.