Vishale ni mchezo kweli au ni kupoteza muda baa? Dhana potofu na ukweli wake

Tangu Desemba 2025, pale David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, alipopanda jukwaani Alexandra Palace kule London kwenye ubingwa wa dunia akamtoa Mbelgiji Mike De Decker 3-2 wakati tayari alishapigwa seti mbili bila, huku kwetu Tanzania kila mtu ghafla ana maoni kuhusu vishale (darts), ule mchezo wa kurusha mishale midogo kwa mkono kwenye ubao wa duara wenye namba. Wengine wanashangilia, wengine wanauliza hivi huu nao ni mchezo jamani? Haya tuzichambue hizo hoja, maana zipo zenye ukweli ndani yake na zipo ambazo ni uvivu tu wa kufikiri.

DHANA: Hakuna jasho, hakuna kukimbia, kwa hiyo si mchezo

Hii ndo inayorudiwa kuliko zote. Kukimbia ni kweli hakuna, tusidanganyane, mtu anasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao, anarusha vitatu, anaenda kuvichomoa, anarudi. Lakini tukipima kwa jasho basi kulenga shabaha kwa bunduki, kulikokuwepo Olimpiki tangu 1896, tukutoe, upinde na mshale tuutoe, golfu nayo tuianzishie kesi. Mbona hizo hamzigusi?

Cha kuangalia ni kama mwili wenyewe unafanya kitu kigumu mbele ya mpinzani, na matokeo yanategemea ulivyokifanya. Ndo maana bao au drafti watu wanabishana, kwa sababu ukiwa umechoka unaweza kumwambia mtoto sogeza hiyo kete pale na mchezo ukaendelea vilevile. Vishale hakuna wa kukurushia. Ile sehemu ya tripo 20, yaani 20 mara tatu, inayokupa pointi 60 kwa mshale mmoja, ina upana wa milimita 8 tu, na hawa wakubwa wanatembea na wastani wa pointi 100 hivi kwa kila vishale vitatu. Fainali ya ubingwa wa dunia ya Januari 2025 Luke Littler akiwa na miaka 17 alimpiga Michael van Gerwen 7-3, hizo ni seti 10, kila seti legi tatu mpaka tano (legi ni raundi nzima ya kushuka kutoka pointi 501 mpaka sifuri), na legi moja kwa watu wa kiwango hicho inakula vishale kama 15, sasa piga hesabu mwenyewe ni mamia mangapi ya kurusha, na mkono unatakiwa urudie kitu kilekile kila mara.

DHANA: Ni bahati tu, hata mimi nikirusha naweza kupata

Unaweza, mara moja. Shida ni kurudia. Na ubao wenyewe umepangwa kwa roho mbaya kabisa, 20 imebanwa katikati ya 1 na 5, ukikosea kidogo kushoto au kulia umeambulia takataka.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndo wengi hawajui kinachoendelea. Unaanza na 501 unashuka, na lazima umalizie na dabo, ule mstari mwembamba wa nje unaohesabu namba mara mbili, na ufike sifuri kamili. Ukipitiliza, vishale vyako vya zamu hiyo havihesabiwi. Ukiwa na 170 unaweza kumaliza kwa vishale vitatu, tripo 20 mbili na kile kitovu cha katikati chenye pointi 50, lakini ukiwa na 169 au 168 huwezi, haipo njia. Kwa hiyo mchezaji anapiga hesabu kichwani tangu mbali asije akajikuta kwenye namba mbaya. Ndo maana wanapenda kubakiza 32: unalenga dabo 16, ukikosea kwa ndani ukapata 16 ya kawaida unabaki na 16, ambayo ni dabo 8, ukikosea tena kwa ndani unabaki na dabo 4, inazidi kugawanyika kwa mbili bila kukuharibia. Mtu wa bahati hapangi hivyo.

Fainali ya 2023 ndo naipenda kuionyesha watu wabishi. Legi ya haraka kuliko zote inaisha kwa vishale tisa. Van Gerwen alipiga vinane bila kosa, cha tisa kikakosa dabo 12. Palepale Michael Smith akasimama na vyake, akavimaliza tisa. Legi hiyohiyo! Na Phil Taylor amechukua ubingwa wa dunia mara 16, sijui hiyo bahati inauzwa duka gani.

DHANA: Mchezo wa walevi

Hapa lazima niwe mkweli, hili halikutoka hewani. Vishale vya Uingereza vimekulia baa, na zamani wachezaji walikuwa wanakunywa na kuvuta sigara palepale jukwaani mbele ya kamera mpaka ilipopigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980. Andy Fordham, bingwa wa dunia wa 2004, alifika uzito wa karibu kilo 200 na pombe ilimtesa sana. Kwa hiyo anayekumbuka enzi hizo simlaumu.

Ila sa hivi hali ni nyingine, wachezaji wanapimwa dawa zilizokatazwa kama wanamichezo wengine, na pale Alexandra Palace wanaokunywa ni mashabiki waliovaa kama ndizi na kama Papa wa Roma, siyo wanaorusha. Tena mpira wenyewe wangapi tunaangalia baa na bia mkononi, na bado hatujauita mchezo wa walevi.

DHANA: Ni mambo ya wanaume wenye vitambi

Fallon Sherrock, mwanamke, alimtoa mwanaume kwenye ubingwa wa dunia Desemba 2019, akamtoa na wa pili. Inatosha.

DHANA: Hakuna presha, mtu unarusha tu ubao haukukabi

Mwulize Eric Bristow, kama angekuwepo. Bingwa wa dunia mara tano, halafu katikati ya miaka ya 1980 mkono ukaanza kugoma kuachia mshale. Anautoa mbele, vidole haviachii. Ugonjwa huo una jina kabisa, dataitisi, na 2017 Mholanzi Berry van Peer aliupata hadharani kwenye televisheni huku analia. Hajaumia msuli wala mfupa, ni kichwa na mkono vimekataa kuongea. Wapiga penalti wanaelewa.

DHANA: Serikali na Olimpiki haziutambui

Nusu kweli. Uingereza iliutambua rasmi kama mchezo mwaka 2005, na Tanzania tuna chama cha taifa, TADA. Olimpiki ni kweli haumo. Lakini skwoshi nayo haijawahi kuchezwa Olimpiki, inaingia kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, na kriketi inarudi mwaka huohuo baada ya kukaa nje tangu 1900, wala hakuna aliyewahi kuwaambia Wahindi kwamba karne nzima walikuwa hawachezi mchezo.

Ukiniuliza mimi hata hiyo Olimpiki si muhimu sana kwa sasa. Muhimu ni vijana wetu wapate ubao wa kueleweka nje ya baa, maana hakuna mzazi atakayemruhusu binti wa miaka 14 kwenda kujifunza dabo 16 kaunta saa tatu usiku.