Kwa nini Rails huandika "kitabus"?

Kijana mmoja wa Majengo, Mombasa, anaunda tovuti ya duka la vitabu kwa Ruby on Rails, mfumo wa kuundia tovuti. Anaunda modeli, yaani maelezo ya aina moja ya kitu ndani ya programu, anaiita Kitabu. Kufungua hifadhidata, anakuta jedwali limeitwa "kitabus". Si vitabu, kitabus! Nani kaagiza?

Hakuna aliyeagiza, na jibu limo humo. Rails, ambayo David Heinemeier Hansson aliichomoa ndani ya programu ya Basecamp mwaka 2004, huamini kwamba desturi hutangulia maagizo. Haikuulizi jedwali liitweje, hukisia. Modeli ni umoja, jedwali ni wingi. Tatizo ni kwamba wingi iliofundishwa ni wa Kiingereza. Inajua person ni people, lakini ngeli ya KI-VI haijawahi kuisikia. Hata Mtu itamwita "mtus".

Django, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Gazeti halisubiri, ndiyo maana inakuja na ukurasa wa usimamizi ulio tayari, mhariri akaandika bila kumwita fundi. Jedwali italiita "duka_kitabu" (duka ni jina la programu, kitabu ni modeli), bila wingi. Ila kwenye ukurasa huohuo wa usimamizi inabandika s ileile: Kitabus.

Mfumo wa tatu, Flask ya Armin Ronacher, ulioanza kama mzaha wa Siku ya Wajinga mwaka 2010, haina makosa hayo kwa sababu haiji na hifadhidata kabisa. Chombo utaleta wewe, na jina utachagua wewe. Rails na Django ni pilau, kila kitu chungu kimoja. Flask ni biriani ya kwetu: wali mbali, rojo mbali.

Kwa duka dogo mimi ningekula pilau tu, s nikaitoa kwa mkono. Rails ina faili la inflections, yaani kanuni za umoja na wingi: unaandika humo kwamba kitabu wingi wake ni vitabu, kabla ya kuunda jedwali, basi. Wapo wanaotaka ujanja zaidi, wakaweka kanuni moja kwamba kila "ki" ya mwanzo igeuke "vi". Inafanya kazi vizuri kwa kiti na kikombe. Chakula kinabaki "chakulas", na siku utakapoleta modeli ya Kiingereza iitwayo Kitchen, utapata "vitchen".